Kabla ya mashine ya kukereza, tuulize ni mti gani

Katika maombi ya mradi ninayosoma siku hizi, kuna mashine moja inayorudi kila mara: ile ya kukereza mbao. Ni kusema mashine inayozungusha kipande cha mti, na fundi anakichonga kwa patasi mpaka kitoke bakuli, mchi, kinara ao mguu wa meza. Vijana wanaitaka, na wana haki. Gogo ambalo lingeishia kwenye tanuru ya makala, likipita kwenye mkono wa fundi linaleta makuta mengi kuliko kiloba cha makala. Mimi siipingi mashine. Lakini katika maombi hayo naona bei ya mota, bei ya jenereta, bei ya patasi, na sioni hata mstari mmoja unaosema ni mti gani utakatwa, vumbi litaenda wapi, na bakuli litapakwa nini. Kwangu mimi hayo matatu ndiyo yanapaswa kuwa mbele.

Ulaya kuna mti wa bustani ambao Wafaransa wanauita cytise na Waingereza laburnum. Maua yake ni ya njano na yananing'inia kama vishada. Mbao yake ni nzito, moyo wa kahawia na pembeni njano, mpaka Wafaransa wakaupa jina la ebeni ya uongo. Waskoti waliitumia kutengeneza zumari zao za mfuko, mbele ya mpingo wa Afrika kuchukua nafasi yake. Lakini mti huo una sumu, inaitwa sitisini, na mbegu ndizo zenye sumu kali zaidi. Mpaka leo mafundi wa kule wanabishana: bakuli la mti huo linaweza kuwekwa chakula? Wenye busara wanafanya nao vitu vya kupamba nyumba tu, tena wanavaa maski wakati wa kuchonga.

Hapa Haut-Katanga cytise hatuna. Tuna kayimbi.

Kayimbi ni ndugu wa mwavi, ule mti ambao ganda lake wazee walinyweshwa ili kujua nani mchawi, na wengi hawakusimama tena. Sumu ya miti hii inashika moyo. Ya kayimbi iko mpaka kwenye majani, na mifugo inayoyala inaweza kufa. Wachungaji wa mbuzi hawahitaji agronomu wa kuwaeleza hilo. Na vumbi la mbao za jamaa hii linachoma pua na koo. Mtu anapiga chafya tangu asubuhi mpaka jioni, macho yanatoka machozi.

Najua jibu, nimelisikia mara nyingi: «Agronomu, hii muti iko nguvu sana, muswa haikule!» Ni kweli. Na ndiyo maana mimi mwenyewe nitawaambia muweke kayimbi kwenye nguzo za ghala. Lakini nguzo hakuna mtu anayeilamba. Kinu kinatwangiwa sombe kila siku, na kila pigo la mchi linaacha unga kidogo wa mti ndani ya chakula. Mtu atasema bibi yake alitumia kinu cha namna hiyo na akazeeka. Inawezekana. Mimi naangalia upande mwingine: mti ambao ganda lake ni sumu na vumbi lake linachoma pua, juu ya nini tuuchague kwa chombo cha mtoto, na porini na kwenye shamba kuna miti mingine? Koperative inayouza bakuli inauza na jina lake. Mteja mmoja akiumwa tumbo, hata kama ni samaki ndiye mwenye kosa, habari itafika soko zote za Lubumbashi mbele ya jioni.

Na tusidanganyike kwamba miti mingine haina shida. Hapa nawaomba wazazi wa vijana wasome vizuri. Mwaka 1995 shirika la Umoja wa Mataifa linalochunguza kansa, lile lenye makao Lyon, liliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyoleta kansa kwa binadamu, zaidi kansa ya ndani ya pua. Si vumbi la mti wenye sumu tu. Mulombwa, ambao kila seremala anaupenda, nao unaziba pua na kuleta kifua kwa watu wengine. Mashine ya kukereza haifanyi kama randa ya mkono: wakati wa kupiga msasa inatoa unga mwembamba unaobaki hewani muda mrefu, kijana akiwa ameinamia palepale. Kitambaa cha kufunga mdomo hakizuii unga huo. Maski ya aina ya FFP2 inazuia, na bei yake ni ndogo mbele ya bei ya mota. Mashine iwekwe chini ya paa bila kuta, upepo ukitoka mgongoni mwa fundi. Na mama anayefagia atelye avae maski pia. Yeye anasahauliwa siku zote.

Sasa tukate mti gani? Kwa mawazo yangu, tuanze na shamba, si na pori. Mwembe uliozeeka na hauzai tena, mwavoka ulioangushwa na upepo, vinatoa mbao nzuri za bakuli. Utomvu wa mwembe mbichi unawasha ngozi ya watu wengine, basi uachwe ukauke. Kata wakati wa kiangazi, paka nta kwenye ncha mbili za gogo mara moja ili lisipasuke, liweke kivulini. Mbao nene ya sentimeta tano inaweza kukaa miaka miwili mbele ya kukauka vizuri. Anayeharakisha atauza bakuli lenye ufa. Mukula na mulombwa ni habari nyingine. Mukula uko kwenye orodha ya CITES tangu 2019, na 2022 mulombwa ukaufuata, kwa hiyo magogo na mbao zake haviwezi kuvuka Kasumbalesa bila kibali.

Inabaki kupaka. Wako mafundi wanaosugua mbao na mafuta machafu ya gari, ao sirazi ya viatu, ili ing'ae na iwe nyeusi. Kwa mguu wa meza, shauri yao. Kwa chombo cha chakula, hapana kabisa: mafuta yale yamebeba masizi na metali za injini. Mafuta ya karanga nayo hayakauki juu ya mti, yanabaki na kunuka. Mafuta ya kitani yanakauka, lakini yale ya duka la rangi mara nyingi yametiwa dawa ya kukausha yenye metali, hata kobalti (kana kwamba hapa kwetu kobalti imepungua). Tena kitambaa kilicholowa mafuta hayo, ukikikunja na kukitupa pembeni, kinaweza kuwaka moto chenyewe. Kianikwe wazi, ao kizamishwe majini.

Mwiko wa bukari usipakwe kitu. Maji ya moto yataondoa kila kitu na kukiingiza ndani ya sufuria. Kwa bakuli la matunda ao la mkate, nta ya nyuki inatosha. Wavunaji wetu wa asali wanakamua na kutupa masega, na nta ndiyo hiyo! Iyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto, si juu ya moto wenyewe. Inayeyuka kwenye digrii 62 mpaka 64. Ichujwe kwa kitambaa, iachwe igande. Fundi anabana kipande chake juu ya bakuli linalozunguka, joto la msuguano linaiyeyusha, kisha anafuta kwa kitambaa kikavu.

Komite zinazotayarisha maombi ya mwaka huu zinaweza kuanza hapo bila kungoja mfadhili: ndoo moja ya masega iwekwe pembeni kwa kila mavuno, na chini ya kila chombo kitakachouzwa liandikwe jina la mti.