TUSIWALAUMU WATOTO KWA POMBE YETU

Anayetaka kujua ulevi wa vijana wetu umeanzia wapi, asiwaulize vijana. Na awatazame wazazi wao.

Huko Kisarawe, mikorosho inapozaa, mabibo huokotwa yakakamuliwa, na maji yake yakilala huwa uraka. Minazi nayo hugemwa tembo. Ni nani hutumwa kununua? Mtoto. Ni nani huachwa kulinda ndoo mama akienda kisimani? Mtoto huyo huyo. Kisha akionja, twamchapa na kumwita mhuni!

Sisi hatuikubali lawama hiyo. Mtoto hakujenga kilabu wala hakupika gongo. Mwenye kosa ni mtu mzima anayepokea fedha kutoka mkono mdogo akajifanya hakuuona.

Sheria tunazo. Sheria ya Mtoto ya 2009 yasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, nayo yakataza kumwuzia kileo na kumruhusu kuingia baa. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba, vimfuko vilivyofichika kirahisi hata katika sare ya shule. Ilikuwa kazi njema. Lakini sheria haina miguu. Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro, toka Maili Moja hata Mlandizi, magari hayalali, na penye wasafiri hapakosi vileo. Askari hawezi kusimama kila mlango. Jirani aweza.

Wako watakaosema: "Mama yule apika pombe ili apate sare na madaftari ya wanawe." Neno hilo ni kweli. Mwaka 2016 ada ilifutwa katika shule za Serikali mpaka kidato cha nne, lakini sare na madaftari hununuliwa. Kwa hiyo hatusemi avunjiwe vyungu akafe njaa. Twasema apewe njia nyingine. Bibo lile lile hutoa juisi na jemu, na wataalamu wa Naliendele, Mtwara, wanaijua kazi hiyo. Halmashauri zetu ziwaite waje wawafundishe akina mama, na mikopo ya vikundi iende huko.

Juu ya gongo hatuna maneno mawili. Mwezi wa Mei 2014, jirani zetu wa Kenya walizika watu zaidi ya 80 waliokunywa pombe yenye methanoli, sumu inayopofusha na kuua. Mnywaji hawezi kuitambua kwa kuionja.

Basi yatupasa kutenda mambo matatu. Kwanza, mkutano mkuu wa kila kijiji ulizungumze jambo hili waziwazi, na halmashauri ya kijiji itunge sheria ndogo: auzaye kwa mtoto atozwe faini, awe maskini au tajiri, awe ndugu wa mwenyekiti au asiwe. Pili, mzazi anayetaka pombe aifuate kwa miguu yake mwenyewe. Tatu, sisi viongozi na walimu tuwe wa kwanza kujizuia. Mwalimu aliyeonekana jana akipepesuka njiani atasema nini leo mbele ya darasa?

Uhuru wetu haukuletwa na walevi, wala hautalindwa nao. Mkutano wa kijiji ukiitwa, ndugu, usikose. Shime!