Akiba ya Mama Ni ya Nani?



Nina neno juu ya akiba za mama zetu.

Wanafunzi wa historia wanajua ya kuwa wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilibandika mabango kuwahimiza watu waweke akiba, ili nchi ipate fedha za vita. Mwaka 1943 alichorwa mdudu mbaya, mwenye alama za Wanazi mwilini, akiwashawishi wanawake madukani watumie fedha ovyo. Maana yake ilikuwa wazi: Mama, ukibana matumizi unampiga adui.

Himizo hilo lilikuwa jema. Lakini mwaka uo huo, katika kesi ya Blackwell, Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua ya kuwa akiba ya mke, iliyotokana na fedha za matumizi ya nyumbani alizopewa na mumewe, ni mali ya mume. Basi mwanamke alisifiwa kwa kuweka, kisha akaambiwa si yake! Sheria ilibadilishwa mwaka 1964, na hata hapo alipewa nusu tu.

Tusiwacheke Waingereza. Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inampa mke haki ya kuwa na mali yake mwenyewe. Tena mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama yetu ya Rufani ilikubali ya kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria ni nzuri; je, desturi zetu?

Hapa Isongole mama huuza maharage, akanunua hisa katika kikundi. Sanduku lina kufuli tatu, na kila ufunguo una mwenyewe. Lakini siku ya kugawana, baadhi ya akina baba huzidai fedha zote, na sare na madaftari ya watoto hubaki deni. Kufuli hazisaidii kitu ikiwa mwizi yumo nyumbani.

Wengine watasema mume na mke ni mwili mmoja. Kweli, basi na wakae pamoja wapange. Asiyeulizwa si mwenzi.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kikijaa, aulizwe aliyekijaza. Nanyi ndugu zangu wavulana, mtakaokuwa waume kesho, anzeni leo kulifikiri jambo hili.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne