Tuandike Kanuni Kabla ya Filimbi ya Kwanza: Wito kwa Wapenda Soka wa Elburgon

Wapenzi wa soka wa Elburgon, Turi, Molo, Njoro hadi kule juu Mariashoni, ninawaomba jambo moja tu. Ni jambo la jioni moja, la kalamu na karatasi. Kila mashindano yatakayochezwa katika viwanja vyetu yawe na kanuni iliyoandikwa kabla ya mechi ya kwanza, inayoeleza tutafanya nini ugonjwa wa kuambukiza ukitusimamishia msimu.

Ninalileta sasa kwa sababu sasa tumetulia. Hakuna anayeongoza jedwali, hakuna aliye mkiani, na hakuna aliyekwisha kuagiza keki ya kusherehekea ubingwa.

Mnakumbuka mwaka wa 2020. Ijumaa ya Machi 13, aliyekuwa Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alitangaza kisa cha kwanza cha korona nchini. Mikutano ya hadhara ikapigwa marufuku na viwanja vikafungwa. Gor Mahia walikuwa kileleni mwa Ligi Kuu kwa pointi 54, saba mbele ya Kakamega Homeboyz, na mechi kadhaa zilikuwa bado hazijachezwa. Aprili 30, aliyekuwa rais wa Shirikisho la Soka Kenya, Nick Mwendwa, akatangaza kwamba msimu umekwisha na Gor ndio mabingwa. Kampuni ya KPL, ambayo ndiyo iliyokuwa ikiendesha ligi, ikapinga papo hapo: shirikisho, ilisema, halina mamlaka ya kuamua hivyo. Mzozo ukafika mbele ya Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo. Watu wamejifungia nyumbani kwa hofu ya ugonjwa, na huku ofisi moja inasema bingwa yupo, nyingine inasema hayupo.

Mashabiki nao wakagawanyika. Wa Gor walihesabu pointi zao na kuuliza nani angewafikia. Wa Homeboyz walihesabu mechi zilizobaki na kuuliza mbona wanyimwe nafasi ya kujaribu. Chemelil Sugar walishushwa daraja, na shabiki wa timu iliyo mkiani huamini hadi dakika ya mwisho kwamba muujiza unakuja. Kila mmoja alikuwa na hoja, na ukiwasikiliza bila pupa unakuta hakuna aliyekuwa mjinga. Tatizo ni kwamba kila mmoja alilisoma jedwali akiwa amesimama mahali tofauti. Gor ndio waliokwenda kuiwakilisha Kenya katika Ligi ya Mabingwa Afrika msimu uliofuata, lakini hadi leo, ukitaka kuwasha moto penye mashabiki watano, taja ubingwa wa 2020.

Jirani zetu wa Uganda walipitia dhoruba hiyohiyo. Ligi yao ilikuwa imefika mechi 25 kati ya 30 iliposimama. Lakini wao walikuwa na kanuni: asilimia 75 ya mechi ikishachezwa, anayeongoza anatangazwa bingwa. Mei 2020 shirikisho lao, FUFA, likaifungua kanuni hiyo na kuwatangaza Vipers, waliokuwa pointi nne mbele ya KCCA. Manung'uniko hayakukosekana, hasa kwa walioshushwa daraja. Hata hivyo, aliyekasirika aliikasirikia karatasi iliyokuwapo kabla ya ugonjwa. Hakuweza kusema imeandikwa usiku ili kumfaidi fulani. Kwangu mimi, hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Duniani kote njia zilikuwa nyingi. Ufaransa waliitangaza PSG bingwa siku ileile ambayo Gor walitangazwa hapa kwetu, Aprili 30. Uholanzi waliufuta msimu bila bingwa wowote, ilhali Ajax na AZ walikuwa sawa kwa pointi kileleni. Tanzania walisimama Machi, wakarejea uwanjani Juni, wakamaliza mechi zao na Simba wakatwaa kombe. Huwezi kusema kuna uamuzi mmoja uliokuwa sahihi kwa wote. Ninachoweza kusema ni kwamba uamuzi uliotolewa baada ya kila mtu kujua nani anafaidika uliacha kinyongo kirefu.

Mtu atauliza: hayo ni ya Ligi Kuu, Elburgon inaingiaje? Inaingia, tena kwa mlango wa mbele. Machi 26, 2021, aliyekuwa Rais Uhuru Kenyatta alizifunga kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Nakuru yetu. Hakuna kuingia wala kutoka, kafyu ikawa kuanzia saa mbili usiku, na michezo ikasimamishwa. Amri hiyo haikuondolewa hadi Mei 1. Fikirieni maana yake kwetu. Londiani iko jirani tu, lakini ni kaunti ya Kericho. Timu ya huko haikuweza kuvuka kuja kucheza hapa, wala yetu kwenda huko. Je, timu iliyozuiwa na kizuizi cha polisi inapokonywa pointi? Mechi inarudiwa? Ada ya kushiriki inarudishwa? Na kama kamati haina andiko, jibu litatolewa na mwenye sauti kubwa zaidi, au na mheshimiwa aliyenunua jezi na mipira.

Kaunti hii ina haki ya kuwa mfano. Ligi ya taifa ilipoanza mwaka wa 1963, bingwa wa kwanza kabisa alikuwa Nakuru AllStars. Ulinzi Stars, wanajeshi tuliozoea kuwatazama uwanjani Afraha, wametwaa Ligi Kuu mara nne. Soka ya nchi hii ina mizizi hapa, na nidhamu ya soka inaweza kuota hapa vilevile.

Lakini ninayo sababu nyingine, nzito zaidi, na naomba niiseme waziwazi. Mji wetu si mji wa kuchezea maneno. Elburgon, Molo na Kuresoi zilichomeka kwa ghasia za kikabila mwaka wa 1992, na zikachomeka tena baada ya uchaguzi wa 2007. Kuna familia hapa ambazo zimejenga nyumba ileile zaidi ya mara moja. Na ni mji uleule ambao Jumapili alasiri unamkuta Mkikuyu golini, Mkalenjin ubavuni, Mwogiek katikati na Mkisii akiongoza mashambulizi, wote wamevaa jezi moja, wakiitana kwa majina ya utani ambayo hata wazazi wao hawayajui. Nani mwingine amefanikiwa kuwaweka watu hawa pamoja kwa dakika tisini bila hotuba? Kwa hiyo mashabiki wakitengana hapa, hatupotezi kombe tu. Na ugonjwa una tabia mbaya ya kutafutiwa mwenyewe. Utasikia umeletwa na watu wa upande ule, na madereva wa malori wanaolala Salgaa, na timu iliyokuja wiki iliyopita. Korona ilitusemesha hayo. Mpox, ambayo kisa chake cha kwanza Kenya kiligunduliwa Taveta Julai 2024, kwa msafiri aliyekuwa akipita, ingeweza kutusemesha hayo tena, maana barabara kuu ya kwenda Uganda inapita Mau Summit, hapo karibu tu. Kipindupindu nacho hakijawahi kutuaga kabisa nchini.

Basi kanuni iseme nini? Kila kamati itaandika kulingana na mashindano yake, lakini kuna maswali ambayo haiwezi kuyakwepa. La kwanza na kubwa ni nani mwenye neno la kusimamisha mechi. Neno hilo liwe la maafisa wa afya wa kaunti ndogo. Lisiwe la mwenyekiti wa timu inayoongoza, ambaye angependa msimu uishie leo, wala la timu inayoburuta mkia, ambayo ingependa msimu ufutwe. Afisa wa afya hana timu kwenye jedwali. Wasimamizi wa ligi wampe nambari moja ya simu ya mtu atakayepokea taarifa na kuzifikisha kwa makocha wote siku hiyohiyo, ili asiwepo anayesikia kutoka kwenye kundi la WhatsApp kwamba mechi imevunjwa huku timu yake iko ndani ya matatu njiani.

Pili, kiwango. Ni mechi ngapi zikichezwa ndipo tunaweza kuwa na bingwa? Uganda walichagua asilimia 75. Ninyi mnaweza kukubaliana vingine, mradi kiwe nambari na si maneno ya "kamati itaangalia". Ikiwa hazijafika hapo, tunasubiri kwa muda gani kabla ya kufuta? Zawadi inaenda wapi? Ada iliyolipwa na vijana waliochangishana shilingi hamsini hamsini inarudi vipi? Hii ya ada ndiyo inayosahaulika, na ndiyo inayouma zaidi, kwa sababu kijana aliyeidunduliza kwa kupakia mbao au kuchimba viazi shambani mwa watu hana pa kuilalamikia. Anachofanya ni kutorudi msimu ujao. Hata mnunuzi wa viazi hapa kwetu hupatana bei na mkulima kabla ya gunia kupanda kwenye lori. Mbona tupatane kuhusu kombe baada ya lori kuondoka?

Makocha, nina neno nanyi pekee. Tazameni chupa ya maji wakati wa mapumziko. Inatoka kwa kipa, inamfikia beki, inapita midomo kumi na mmoja na ya akiba, kisha inarudishwa kwenye mfuko mmoja na taulo moja lililofuta jasho la wote. Hamhitaji bajeti kubadilisha hilo. Kila mchezaji aje na chupa yake yenye jina lake. Kibuyu chirizi kimoja cha kunawia mikono na kipande cha sabuni kikining'inia kando ya lango la uwanja kinatosha timu mbili na watazamaji. Na mchezaji mwenye homa au vipele asiitwe mwoga akisema leo siwezi. Mwambieni apumzike, aende hospitali, na nafasi yake ilindwe. Mtu akijua hatapoteza jezi yake kwa kusema ukweli, atausema mapema.

Nanyi mashabiki, ambao ndio roho ya mchezo huu, ninawaomba ulimi. Siku uwanja utakapofungwa, na siku hiyo inaweza kuja, msimfuate mwenzenu kwa kijembe kwamba kijiji chake ndicho kilicholeta ugonjwa. Habari ya afya ikifika kwenye simu yako bila jina la aliyeitoa, iache ikomee kwako. Kumbukeni pia mama anayeuza mayai ya kuchemsha na njugu kando ya uwanja. Mechi zikisimama, wewe unakosa burudani, yeye anakosa unga. Mashabiki wa timu zote mbili wanaweza kumnunulia nyumbani kwake bila kuulizana nani ni bingwa.

Viongozi wa timu, walimu wa michezo, machifu, wazee wa mitaa na mwakilishi wetu wa wadi, mnajuana na mnajua mahali pa kukutania. Kabla ya ratiba ya msimu ujao kutolewa, iteni manahodha wote mezani, wa wanaume na wa wanawake, pamoja na mhamasishaji mmoja wa afya ya jamii. Andikeni kanuni hiyo kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila mchezaji, ukurasa mmoja tu. Kila nahodha aweke sahihi. Toeni nakala, muibandike mahali ambapo ratiba hubandikwa. Na wewe msomaji, kama timu yako ina mkutano wiki hii, nyanyua mkono uulize: kanuni yetu ya ugonjwa iko wapi?