Tuache Kulipa Hongo ya Programu

Ndugu wasimamizi wa vyuo, wa hapa Tabora na kwingineko,

Misafara iliyotoka Bagamoyo kuja huku Unyanyembe ilikuwa na gharama za namna mbili. Kulikuwa na ujira wa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, na kulikuwa na hongo: doti za vitambaa vya merikani na kaniki walizopewa watemi wa Ugogo ili msafara upite na uteke maji. Aliyelipa hongo msimu huu, msimu ujao alilipa tena. Chuo kinaponunua programu kila mwaka, na kijiulize: fedha hii inamlipa mpagazi, au ni hongo?

Programu huria zingetuondolea hongo hiyo, lakini dhana potofu zinatuzuia.

Wako wanaodhani hazina mwenyewe. Si kweli. Koha ya maktaba, iliyozaliwa New Zealand, na Moodle ya kufundishia, zote zina hakimiliki, na hutolewa kwa leseni ya GPL. Leseni hiyo ndiyo inayokuruhusu kutumia, kuchunguza, kubadili na kugawa. Ukiyavunja masharti yake, unaweza kushtakiwa.

Wengine huhofu kwamba chuo kitalazimika kuanika siri zake. Alama za wanafunzi ni kumbukumbu za chuo, si sehemu ya programu; leseni ya programu haizigusi. Fundi wenu akiibadili Moodle ichapishe matokeo mpendavyo, nayo ikabaki kwenye seva yenu, GPL haiwadai kitu. Mkiigawa nje, ndipo anayepokea ana haki ya kupata na msimbo wake. Leseni ya AGPL hudai zaidi, hata kwa mfumo unaotumiwa kupitia mtandao. BSD, leseni ya mfumo wa DHIS2 unaotumika katika takwimu za afya nchini, hudai kidogo. Kwa hiyo leseni isomwe, isikisiwe.

Kosa la tatu ni la mashabiki wenyewe: kudhani kwamba kila kitu ni bure. Seva, mafunzo, kuhamisha kumbukumbu na matengenezo vinataka fedha. Chuo kisipozitenga, mfumo utakufa, na leseni itabebeshwa lawama.

Basi turekebishe nyaraka za zabuni. Fomu inayoanza na "bei ya leseni kwa kila mtumiaji" imekwisha kumchagua mshindi. Andikeni mnachohitaji: mwanafunzi aazime kitabu, anayechelewesha aonekane, na mkataba ukiisha kumbukumbu zote zitoke salama. Kisha wazabuni washindane kwa kazi. Wataalamu tunao: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Mwaka wa fedha huanza Julai. Kabla bajeti haijafungwa, afisa ununuzi, fundi wa kompyuta na mwanasheria waketi meza moja, waisome leseni kifungu kwa kifungu. Wasipoisoma wao, atawasomea muuzaji.