Mchicha Nao Upate Hadithi Yake

Yuko mama gani katika nchi yetu asiyeijua vita ya kila jioni mbele ya sahani ya mchicha? Ugali umekwisha, dagaa wamekwisha, lakini mboga imesukumwa ukingoni, na mtoto amefumba kinywa kama mlango wa duka siku ya sikukuu. Mama hubembeleza, kisha hukaripia, kisha huonyesha fimbo. Na mwisho wa yote mboga huliwa na kuku. Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya jikoni, yasiyostahili ukurasa huu. Sisi twasema yanastahili.

Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika kila watoto 10 walio chini ya umri wa miaka mitano, 3 walikuwa wamedumaa. La kusikitisha zaidi, katika Mkoa wa Iringa, ambao ni miongoni mwa maghala ya nafaka ya taifa, waliodumaa walikuwa zaidi ya nusu. Hatudai kwamba udumavu huletwa na ukosefu wa mboga peke yake. Maradhi, maji machafu na afya ya mama mjamzito navyo vimo. Lakini Iringa yatufundisha kwamba kushiba ni jambo moja, na kulishwa vema ni jambo jingine.

Ni kweli kwamba mtoto mdogo, kwa maumbile yake, huogopa chakula asichokizoea, hasa kikiwa kichungu. Lakini juu ya woga huo sisi wakubwa tumeongeza dharau. Katika shule ya misheni tuliyosoma, aliyechelewa sala ya asubuhi alipelekwa kumwagilia bustani, na aliyeshindwa hesabu alipalilia matuta ya kabichi. Tulihitimu tukiamini kwamba nyama ni zawadi na mboga ni adhabu. Nyumbani nako, mgeni akija huchinjiwa kuku, na matembele hufichwa jikoni kama siri ya umaskini. Mtoto ana macho. Huyaona hayo yote kabla hajaonja tonge.

Wenzetu wa nchi nyingine wamejaribu njia isiyo ya fimbo, nayo ni kitabu cha picha. Mwaka 2000 Lauren Child wa Uingereza alitoa kitabu kuhusu msichana mdogo anayekataa karibu kila chakula. Kaka yake hamgombezi. Humwambia kwamba zile si karoti, bali ni vitu kutoka sayari ya Mshtarii. Na vile si viazi vya kuponda, bali ni wingu lililotoka kilele cha mlima Fuji. Mwishowe msichana mwenyewe aomba nyanya, ambazo amekwisha kuzipa jina lake la mwezini. Kitabu hicho kilipata Nishani ya Kate Greenaway, iliyokuwa ikitolewa kwa wachoraji wa vitabu vya watoto. Huko Marekani, Lois Ehlert alikuwa amekwisha kutoa, mwaka 1989, kitabu cha alfabeti ambamo kila herufi ina matunda na mboga zake, zenye rangi za kupendeza.

Wala si mchezo mtupu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, waliwaomba wazazi watazame pamoja na watoto wao wadogo kitabu chenye picha za mboga moja, kila siku kwa muda wa wiki mbili, kabla ya kuwapa mboga ile mezani. Waliona kwamba kitabu humwandaa mtoto kuipokea mboga, hasa ile asiyoijua. Sababu yake si ngumu kuifahamu: kilichozoewa na macho hakiogopwi sana na ulimi.

Sasa tujiulize: je, mtoto wa Mbagala au wa Makambako atasoma habari za Mshtarii hata apende mlenda? Kitabu cha kigeni chaweza kutufundisha njia, lakini hakiwezi kutuandikia mboga zetu. Sisi tunayo bamia yenye pembe zake, ngogwe iliyo kama yai dogo, kisamvu chenye majani kama vidole vya mkono, na mlenda unaovutika kama uzi wa buibui. Hakuna mchoraji mwenye akili atakayekosa la kufanya hapo. Na bibi zetu, waliotupatia Sungura na Fisi, hawakuhitaji nishani ya mtu ili kukipa uhai kiumbe cha porini. Kwa nini mgagani usipate hadithi yake?

Ndugu msomaji atasema kwamba kitabu hakiliwi, na kwamba picha za rangi ni ghali. Ya kwanza ni kweli: mahali pasipo bustani, kitabu ni maneno matupu, na bustani lazima itangulie. Kuhusu gharama, Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, umekwisha kutuonyesha kwamba vitabu vya watoto kwa Kiswahili vyaweza kuandikwa na kuchapwa hapa hapa. Tena, karibu na Arusha kipo kituo cha utafiti wa mboga, kilichofunguliwa mwaka 1992, kinachohifadhi mbegu za mboga za asili za Afrika. Hilo ni jema. Lakini ikiwa mbegu zahifadhiwa na hamu ya kuzila yaachwa ife, twamhifadhia nani?

Kwa hiyo twawaomba waandishi na wachoraji waitazame bustani iliyo nyuma ya nyumba. Twawaomba wachapaji wasidhani kwamba kitabu cha mtoto ni kile cha kujibia mtihani tu. Twawaomba walimu waache kuifanya bustani ya shule kuwa gereza la wakosaji. Atakayefanya vizuri ndiye apewe heshima ya kuchuma. Na wazazi, jioni ya leo, kabla hata kitabu hicho hakijachapwa, wasimulie mchicha ulivyoota, kisha nao waule mbele ya watoto wao, bila kukunja uso.

Samaki mkunje angali mbichi. Lakini mtoto hukunjwa kwa hadithi upesi kuliko kwa fimbo.