Amri ya kufunga bweni, na haki ya kukata rufaa

 

Ijumaa hii tumeona tuzungumze na wazazi juu ya jambo ambalo husemwa kwa minong'ono baada ya swala, na baadaye likasahauliwa mpaka msiba utokee. Jambo lenyewe ni ukaguzi wa majengo tunamolaza watoto wetu, na nini kifanyike pale mkaguzi wa serikali anaposema kuwa jengo hilo halifai.

Anayepanda kutoka Tegeta kuelekea Madale na Salasala hukutana na mji unaojengwa mchana na usiku. Saruji inayojenga sehemu kubwa ya Dar es Salaam husagwa hapo hapo Wazo, katika kiwanda kilichoanza uzalishaji mwaka 1966. Hata hivyo, kukaa karibu na saruji si sawa na kujenga kwa utaratibu. Viwanja vingi katika vitongoji vya jiji letu vimenunuliwa kwa hati ya mauziano ya mtaani, nyumba zikaota kabla ya ramani, na njia zikabanwa hata gari la zimamoto lisiweze kupita. Ndani ya nyumba kama hizo ndimo zinamofunguliwa shule, vituo vya yatima na madrasa za bweni. Mtu mwema hutoa nyumba yake kwa ajili ya Allah, chumba kilichokusudiwa familia moja kikawekwa vitanda vya ghorofa 12, dirisha likatiwa nondo kwa kuogopa wezi, na usiku mlango ukafungwa kwa kufuli ili vijana wasitoroke.

Nia hapo ni njema, lakini moto hausomi nia.

Umma wetu umekwisha kuonja uchungu huu. Mwezi Julai 2020 bweni la Shule ya Sekondari ya Kiislamu Ilala, hapa hapa Dar es Salaam, liliungua na wanafunzi 3 wakapoteza maisha. Miezi miwili baadaye, usiku wa Septemba 14, moto ukateketeza bweni la Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera, na watoto 10 wakafariki. Kabla ya hapo taifa zima lililia kwa ajili ya wasichana wapatao 40 wa Shauritanga, Rombo, mwaka 1994, na wasichana 12 wa Idodi, Iringa, mwaka 2009. Jirani zetu wa Kenya nao, Septemba 2024, waliwazika watoto 21 wa shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Moto haukubagua dini wala kabila. Kilichofanana ni kwamba watoto walikuwa wamelala.

Sheria haikukosekana. Mwaka 2007 Bunge lilitunga Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kazi iliyokuwa imetawanyika katika halmashauri ikawekwa chini ya jeshi moja la taifa, ndani ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Jeshi hilo halikupewa mipira ya maji peke yake. Limepewa pia mamlaka ya kuingia katika majengo, kukagua, kutoa cheti cha usalama na kuagiza marekebisho. Kibali cha ujenzi kwa upande wake hutolewa na halmashauri, ambako michoro hupitishwa kwa watu wa mipango miji, mhandisi, afya na zimamoto. Kwa maandishi, basi, hapana jengo la umma linalopaswa kufunguliwa bila macho ya serikali kuliona.

Lakini kati ya maandishi na mtaa pana umbali. Machi 29, 2013, ghorofa lilianguka katika Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya jiji, na watu 36 wakafa. Serikali ikaamuru jengo la jirani yake libomolewe, na miaka ikapita likiwa bado limesimama. Novemba 16, 2024, ghorofa jingine likaanguka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20. Amri isiyotekelezwa wala kutenguliwa ni mbaya kuliko kutokuwepo kwa amri, kwani huwazoesha watu kudhani kuwa alama nyekundu ya X ukutani ni rangi tu.

Hapa ndipo tunapotaka kusema kweli, hata kama ni chungu. Bweni la taasisi ya Kiislamu linapopewa amri ya kufungwa, neno la kwanza linalotoka vinywani mwa baadhi yetu ni kwamba tunaonewa. Hatukatai kuwa uonevu upo duniani. Wala hatukatai kwamba wako watumishi ambao amri kwao ni mlango wa kuomba kitu kidogo, na ambao hufunga kituo cha maskini na kulipita la tajiri bila kugeuza shingo. Lakini swali la kwanza la mzazi Mwislamu halipaswi kuwa nani ametuma mkaguzi. Linapaswa kuwa: je, aliyoyasema ni kweli? Mlango wa pili upo? Nondo zinafunguka kwa ndani? Ikiwa jibu ni hapana, basi huyo mkaguzi ametufanyia wema, hata kama hakukusudia.

Dini yetu haikuliacha jambo hili. Mtume (SAW) alituagiza kuzima taa na moto tunapolala, na katika hadithi nyingine alionya juu ya mtu anayelala juu ya sakafu ya paa isiyokuwa na kizuizi. Mafaqihi wakajenga juu ya msingi wa kuondoa madhara. Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi walilijadili suala la ukuta ulioinama kuelekea njia ya watu. Walisema kuwa mwenye ukuta akionywa mbele ya mashahidi, akapata muda wa kuutengeneza asiutengeneze, kisha ukaanguka na kudhuru, dhamana ni yake. Na tazameni mpangilio wake: kuna onyo, kuna ushahidi, kuna muda, kisha kuna dhamana. Mwenye ukuta hakuvamiwa usiku, wala mpita njia hakuachwa afe.

Al-Mawardi, kadhi wa Baghdad aliyefariki mwaka 1058, alipoandika juu ya utawala alieleza kazi ya muhtasibu, aliyesimamia masoko, njia na majengo. Lakini alieleza vilevile baraza la madhalimu, mahali ambapo raia alipeleka malalamiko dhidi ya mtumishi wa dola. Kwa hiyo katika mapokeo yetu usimamizi na rufaa viliwekwa pamoja. Anayetaka usimamizi bila rufaa anataka ubabe, na anayetaka rufaa bila usimamizi anataka fujo.

Katiba ya nchi yetu nayo imesema hivyo kwa lugha yake. Ibara ya 13(6)(a) inampa kila mtu, haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kinginecho kinachohusika, haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Zingatieni maneno "chombo kinginecho kinachohusika". Afisa wa zimamoto na afisa wa manispaa hawamo nje ya hayo. Na aliyekosa njia nyingine anaweza kwenda Mahakama Kuu kuomba mapitio ya uamuzi, ingawa upo ukomo wa muda, na mahakama huko haiendi kupima nondo bali huangalia kama afisa alikuwa na mamlaka, alisikiliza, na alifuata sheria. Ipo pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora kwa malalamiko dhidi ya watendaji.

Tatizo ni kwamba njia hizi ni ndefu kwa mwalimu wa madrasa ya mtaani. Hana wakili, na nauli ya kwenda mjini mara tatu ni posho yake ya wiki. Ndiyo maana tunaziomba mamlaka, kwa heshima, zizingatie mambo yafuatayo.

Kwanza, kila amri iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka: kasoro ni ipi, kanuni gani imevunjwa, ipi itengenezwe na kwa siku ngapi, na asiyeridhika aende wapi. Amri ya mdomo ndiyo inayozaa rushwa.

Pili, hatari zitenganishwe. Penye hatari ya roho, kama chumba cha kulala chenye mlango mmoja na madirisha ya nondo, kulala humo kukome usiku huo huo. Lakini darasa la mchana lenye kasoro ndogo lisifungiwe mwaka mzima kwa kukosa mtungi mmoja wa kuzimia moto.

Tatu, anayesikiliza rufaa asiwe yule yule aliyetoa amri, na jibu litolewe kwa siku zinazojulikana. Rufaa isiyojibiwa ni dhulma kwa pande zote mbili.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote, mlango wa rufaa usiwe wa mwenye jengo peke yake. Mwenye jengo akiona ameonewa hukata rufaa. Je, mtoto aliyelala ndani, au jirani ambaye ukuta wake umegusana na jiko la gesi, hukata rufaa wapi pale mkaguzi anapolipitisha jengo bovu? Tukumbuke jengo la Grenfell, London, la ghorofa 24, lililoungua Juni 14, 2017, ndani ya Ramadhani, na kuua watu 72, wakiwemo Waislamu wengi. Wapo waliookoka kwa sababu majirani walikuwa macho kwa ajili ya daku, wakawagongea milango. Wakazi walikuwa wamekwisha kulalamika juu ya usalama wa jengo hilo kabla ya moto, wala hawakusikilizwa. Uchunguzi uliokamilika Septemba 2024 ukasema kuwa vifo vyote vile viliweza kuepukika. Ikiwa hivyo ndivyo ilivyokuwa katika nchi tajiri, sisi tuna sababu zaidi ya kumpa mzazi na jirani haki ya kusema: cheti hiki kipitiwe upya.

Nasi Waislamu tuna wajibu wetu, na tusiungoje wito wa serikali. Kamati za misikiti ya Wazo, Kinondoni, Temeke na kwingineko zitembelee mabweni yaliyo chini yake kabla ya mwezi huu kuisha. Mambo ya kuanzia hayahitaji mfadhili kutoka Ghuba. Kufuli la usiku liondolewe. Dirisha moja katika kila chumba litiwe nondo zenye bawaba, zifunguke kwa ndani bila ufunguo. Ukuta utobolewe mlango wa pili. Mishumaa na vibatari visiingie chumbani. Fundi umeme anayejulikana akague waya na soketi. Watoto wafundishwe kutoka gizani, na kila mlezi aijue namba 114 ya zimamoto. Na gari likishindwa kupita kwa sababu uzio wetu umeingia barabarani, basi tuusogeze wenyewe kabla ya kusogezewa.

Na taasisi ikipewa amri, iitii kwanza katika lile linalogusa roho za watu, kisha ikate rufaa ikiwa na hoja. Watoto warudishwe majumbani au wahamishiwe penye usalama wakati rufaa ikisikilizwa. Kuwaacha walale ndani ya jengo linalobishaniwa, ili kuonesha msimamo, ni kuwafanya watoto wa watu kuwa ngao ya mabishano yetu.

Mzazi anayemkabidhi mwanawe kwa mwalimu amekabidhi amana. Amana hiyo haimaliziki kwa kuhifadhishwa juzuu. Huanza kwa mtoto kuamka salama alfajiri ili aisome.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (SW) awarehemu watoto waliotangulia, awape subira wazazi wao, na atujaalie sisi na viongozi wetu kuwa miongoni mwa wanaoonywa wakaonyeka. Amin.