Mzee Asifungwe Kitini

Katika nyumba nyingi, baba astaafupo kazi, au mama aingiapo uzeeni, watoto huona kuwa heshima kuu ni kumpumzisha. Kiti huwekwa barazani, maji huletwa, na kila ainukapo huambiwa: "Kaa, Baba, tutakwenda sisi." Nia yao ni njema. Lakini mwili si nguo ya kuhifadhiwa sandukuni. Usipotumiwa hudhoofika, na ubongo nao huathirika.

Mwaka 1953, Daktari Jerry Morris na wenziwe walitangaza uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London. Madereva, waliokuwa wakiketi kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi za basi siku nzima wakikata tiketi.

Na ubongo je? Mwaka 2011 wataalamu wa Marekani walitoa habari za wazee 120 wenye umri wa miaka 55 hadi 80, wote wenye akili timamu. Kundi moja lilitembea mara tatu kwa juma. Jingine lilinyosha viungo tu. Baada ya mwaka mmoja, hipokampasi, yaani sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ilikuwa imeongezeka ukubwa kwa asilimia 2 katika wale waliotembea. Katika wenzao ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 1, kama ilivyo kawaida ya uzee.

Hii si kusema kuwa kutembea huponya ugonjwa wa usahaulifu. Ni kinga, wala si dawa ya kumrudisha aliyekwisha potewa na kumbukumbu. Ndiyo sababu yafaa kuanza mapema.

Wazee wale hawakuanza kwa pupa. Walianza kwa dakika 10, wakaongeza dakika 5 kila juma hata wakafikia 40. Mwendo ufaao ni ule unaomwezesha mtu kuzungumza, lakini si kuimba. Shirika la Afya Duniani linashauri dakika zisizopungua 150 kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Wakati mzuri ni asubuhi, kabla ya jua kali. Viatu viwe imara visivyobana. Mwenye kisukari azikague nyayo zake arudipo. Asikiaye maumivu ya kifua au kuhema kupita kiasi asimame mara moja, akamwone daktari.

Basi, watoto wamheshimu mzee wao kwa namna nyingine. Wamwombe ampeleke mjukuu shuleni, au waandamane naye hadi sokoni. Njiani atasalimiana na watu, atakumbuka majina yao, na atarudi na habari za kusimulia. Wahenga walikwisha sema: mtembea bure si sawa na mkaa bure.